Mlango wa Kijani, Migomba ya Kaburini

Watu wa Nkwenda walishakata shauri zamani kwamba nina kasoro fulani kichwani. Nina kibanda cha gemu karibu na soko, na vijana wanacheza mpira kwenye skrini zangu tangu asubuhi. Hilo wanalielewa, kila mtu na riziki yake. Wasichoelewa ni kwamba wateja wakipungua, mimi mwanamke mzima navuta kiti, nashusha pazia la kitenge ili mwanga wa barabarani usipige kioo, halafu nacheza gemu ambalo halina goli, halina kombe, na halina mtu wa kumtambia. Ni gemu la kutisha. Mwanamke mmoja, tochi moja yenye betri zinazokwisha, na hospitali kubwa iliyohamwa. Ndani ya hospitali hiyo kuna kitu kinatembea. Huwezi kukiua. Unaweza kukisikia tu, ukajificha kabatini, ukazuia pumzi na kuomba kipite.

"Dada, si utazame tamthilia kama wenzako?" aliniuliza siku moja muuza nyanya wa mlango wa pili. "Hicho unachokitafuta humo ni nini?"

Nilimwambia akapange nyanya zake. Sina subira na watu wanaouliza swali huku jibu wameshalishika mdomoni. Lakini jioni nikiwa nafunga kibanda swali lake lilirudi, nikaona si swali baya. Kwa nini mtu ambaye maisha yameshamtisha vya kutosha akae chini, kwa hiari yake, atafute kutishwa tena?

Gemu la mpira linakupa nguvu usizo nazo. Kijana anayehema akipanda mlima na ndoo ya maji anageuka mchezaji wa kuruka mabeki watatu. Sina ubaya na hilo, ndilo linalonilisha. Gemu la kutisha linafanya kinyume, linakunyang'anya. Linakupa mtu dhaifu mwenye mfuko mdogo, na lazima achague abebe nini na aache nini. Ukikimbia unasikika. Ukiwasha tochi ovyo inakufa ukiwa katikati ya ujia. Basi unajifunza kutembea polepole na kutega sikio mlangoni kabla ya kugusa kitasa. Halafu, baada ya mwendo mrefu wa roho kuwa juu juu, unafika kwenye chumba kidogo chenye taa ya mafuta ambamo kile kitu hakiingii. Unahifadhi ulipofikia. Unashusha mabega. Hujashinda chochote, ila upo. Sijawahi kuona raha ya namna hiyo kwenye mpira, na sijui kama nimewahi kuiona mahali pengine popote tangu mama augue.

Mama aliumwa muda mrefu. Mimi na baba tulipokezana kumuuguza wodini, na mchana ule wa mwisho tulikuwepo wote wawili. Sitaeleza mengi. Nitasema tu kwamba baada ya kumtoa, tulirudi kuchukua blanketi na chupa ya chai, tukakuta wauguzi wameshatandika kitanda. Shuka jeupe, limevutwa, pembe zimekunjwa vizuri. Kilikuwa kama kitanda ambacho hakijawahi kulaliwa na mtu. Nililia pale kuliko nilivyolia nilipoambiwa. Wauguzi walikuwa wakifanya kazi yao, mgonjwa mwingine alikuwa anangoja mlangoni. Nilijua hivyo hata wakati ule, na bado nililichukia lile shuka.

Tulimzika nyumbani, Isingiro, kibanjani. Kwetu maiti hapelekwi mbali. Analazwa ndani ya shamba lile lile la migomba na kahawa alilolilima, hatua chache kutoka jikoni kwake. Kaburi la mama liko mbele ya mlango mkubwa wa nyumba, ila siku zile hukuweza kuliona ukiwa mlangoni kwa sababu ya migomba. Upande wa kichwani palikuwa na shina moja la enchoncho, ndizi laini za kupika, ambalo mama alikuja nalo kutoka kwao Rugera siku za mwanzo za ndoa. Lilikuwa chipukizi tu, alilifunga kwenye khanga akalipakata njia nzima. Baba alipenda kutuhadithia kwamba alidhani bibi harusi wake ameficha mtoto.

Majirani walikuja msibani kama inavyopaswa, kila nyumba na mkungu wake kichwani. Wanawake walimenya ndizi nyuma ya jiko, na maganda yakatandazwa kwenye mashina yetu, maana kwetu hakuna anayetupa maganda. Ni chakula cha mgomba. Wanaume walichukua muhoro wa baba, kile kisu chetu kilichopinda kwenye mpini mrefu, wakakata majani ya kukalia, ya kufunikia vyungu, ya kutandika njia ya kwendea kaburini. Muhoro mmoja ulipita mkono kwa mkono na shina kwa shina, na hakuna aliyeupitisha motoni. Bwana shamba alikuwa ametuhubiria sana habari ya moto: kisu kikiugusa mgomba mmoja, kichome kwanza kabla hakijagusa wa pili, kwa sababu ugonjwa wa mnyauko unasafiri na kisu. Tulijua. Lakini nani atasimama katikati ya kilio awaambie watu wazima wachome kisu kwanza? Ataonekana hana utu.

Mmojawapo wa mikungu ile ulitoka kwenye kibanja kilichoanza kuugua, na mwenyewe hakuwa na habari. Kwa hiyo ugonjwa uliingia kwetu umebebwa kichwani na watu waliokuja kutufariji. Sina wa kumlaumu, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo.

Dalili zilianza tukiwa tumeshaanua matanga. Majani yalinyong'onyea na kuwa ya njano kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Mikungu ikaiva kabla ya wakati, kidole hiki cha njano, kile cha kijani. Ukikata shina, usaha mzito wa rangi ya njano unatoka taratibu. Mara ya kwanza nilipouona nilirudi nyuma, mimi ninayejidai sitishiki na kitu.

Bwana shamba alikuja, akatazama, akaongea na baba kwa upole. Mashina yaliyougua yang'olewe, yakatwekatwe, yafukiwe. Hakuna dawa. Yakiachwa, kibanja chote kitakwenda, na cha jirani pia. Baba aliitikia kila neno. Alipoondoka, baba akaegemeza muhoro ukutani na kuketi.

"Baba, tuanze lini?"

"Tuna msiba, mama." Ananiita mama kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Kwenye msiba jembe halishikwi."

Ni kweli halishikwi. Lakini kila mtu alikuwa ameshalishika, hata dada zake mama kule Rugera walikuwa wameshapanda maharage. Kwa baba peke yake msiba ulikuwa haujaisha. Alikata ndizi za kula upande wa chini tu, karibu na barabara, na akitaka kwenda kwa jirani alizunguka nje ya uzio, mwendo mrefu bila sababu, asipite katikati.

Jirani huyo ni mama mmoja ambaye wazazi wake walitoka Burundi. Alinunua kipande chake kidogo baada ya kulima vibarua vya watu miaka mingi, na migomba yake inapakana na yetu. Alikuwa amemwosha mama yangu alipofariki. Sasa aliona ugonjwa unasogea mpakani na hakuweza kusema, kwa sababu ya heshima, na kwa sababu mgeni huwa anapima maneno hata akiwa amezaliwa hapa hapa. Nilimkuta asubuhi moja amesimama upande wake, mikono kiunoni, anatazama majani yetu.

"Mdogo wangu," aliniambia, "mimi sisemi kitu. Mzee ana uchungu. Lakini watoto wangu hawana shamba lingine."

Nilirudi kazini Nkwenda siku hiyo nikiwa na hasira na dunia nzima, nikawafukuza vijana wawili waliokuwa wakigombania pedi ya kuchezea.

Siku za gulio baba huja Nkwenda kununua chumvi na sabuni, halafu hukaa kibandani kwangu kungoja pikipiki ya kumrudisha. Zamani alikaa nje kwenye benchi. Baada ya mama kufariki alianza kuingia ndani, nadhani kwa kuchoka kusalimiwa na kupewa pole. Saa za mchana vijana huwa wako gulioni wanabeba mizigo, kibanda ni kimya, na ndipo ninapocheza. Alivua kofia, akaketi nyuma yangu.

"Huyo mama anatafuta nini?"

"Anamtafuta dada yake, baba. Alikuwa amelazwa humo."

"Atampata?"

"Sijui. Sijafika."

Hakucheka wala hakukemea, ingawa ni mzee wa kanisa na nilitarajia neno kuhusu mambo ya giza. Alitazama. Gulio lililofuata alitazama tena, na kile kitu kilipopita karibu na kabati nilisikia pumzi ya baba imesimama pamoja na yangu, nikajua ameshanasa. Alianza kunielekeza. Usiende huko, umesikia? Zima tochi. Ngoja kwanza.

Gulio jingine akaniuliza, "Huo mlango wa kijani mbona unaupita?"

Nikajifanya sijasikia.

"Mwisho wa ujia. Umeingia kila mahali, huo unaupita tu. Kila nikija unaupita."

"Si lazima kuingia, baba."

"Kama si lazima, mbona mingine imekwisha na bado unazunguka?"

Alikuwa amesema kweli, nami nikiguswa penye kidonda huwa nauma. Nikageuka na kiti. "Na wewe baba, migomba ya kaburini mbona unaipita? Kila nikija unaipita!"

Mwana hamjibu baba yake hivyo. Nilitamani kuyarudisha maneno, yalikuwa yameshatoka. Baba alitazama kofia yake. Nje mtu alikuwa akinadi mitumba kwa kipaza sauti, na ndani mwanamke wa kwenye skrini alikuwa amesimama anahema, akiningoja.

"Ile migomba ikitoka," baba alisema, "kaburi litakaa wazi. Nikifungua mlango wangu asubuhi nitamwona amelala pale. Sasa hivi nikifungua naona majani. Nikiona majani naweza kusema yupo kibanjani, anachuma maharage. Anachelewa tu."

Miezi yote ile nilidhani ni ukaidi.

Basi na mimi nikamwambia. "Huo mlango ni wa wodi, baba. Naogopa nikifungua nitakuta kitanda kimetandikwa."

Hakuniuliza kitanda gani. Alikuwepo. Alisogeza kiti chake mpaka kikalingana na changu, akanyoosha mkono. "Nipe hicho kitu."

Nilimpa pedi. Vidole vyake vimezoea jembe, kila akibonyeza alibonyeza viwili pamoja. Yule mwanamke akatembea akigonga ukuta, akazunguka mahali pamoja, akawasha tochi akaizima, na kile kitu kikamsikia. Skrini ikawa nyeusi.

"Amekufa?"

"Amekufa. Anarudi pale kwenye taa, unaanza upya."

Akatazama yule mwanamke akiinuka chini ya taa ya mafuta, mzima. "Anarudi," alisema. "Ndiyo maana mnayapenda haya."

"Hapana, baba." Nililipata jibu wakati ule ule, baada ya kulitafuta tangu siku ya muuza nyanya. "Nalipenda kwa sababu linaningoja. Nikiogopa nasimamisha, na kile kitu nacho kinasimama. Nikiwa tayari naendelea. Ugonjwa wa mama haukutungoja. Kila tukizoea hali moja, kesho yake inakuja nyingine."

Baba akasema, taratibu, kwa sauti ya mtu anayejisomea, "Mnyauko nao haungoji."

Nilichukua pedi. Yeye aliniomba kitufe cha tochi, hicho kimoja tu, kwa hiyo tukaishika pamoja, kidole chake pembeni ya changu. Tukaenda ujia wote polepole. Tulitega sikio. Nilifungua mlango wa kijani, na baba akawasha.

Kulikuwa na kitanda, kimetandikwa, shuka jeupe. Hakuna kilichoturukia. Hakuna sauti. Juu ya mto kulikuwa na ufunguo wa lango la nyuma, basi. Nilikuwa nimezunguka jengo lile wiki kadhaa nikikwepa chumba kisicho na kitu cha kunidhuru, na bado nililia kama siku ile ile. Baba aliniwekea mkono kichwani.

"Ni kitanda tu, mama," alisema. "Mtu wetu hayumo."

Pikipiki yake ilikuwa inapiga honi nje. Alivaa kofia, akasahau chumvi, ikabidi nimkimbilie nayo.

Jumamosi nilipofika nyumbani nilimkuta ameshaunoa muhoro. Jirani yetu alikuja na makaa kwenye chungu kilichovunjika shingo, akayapulizia bila kuuliza kitu. Nilimsikia tu akisema, "Shikamoo mzee," na baba akiitikia marahaba kwa sauti ambayo hatukuwa tumeisikia kitambo. Tulianza chini, upande wa barabara, tukisogea juu. Baba alikata, akauingiza muhoro kwenye makaa, akangoja, akakata tena. Mimi na jirani tulichimba visiki na kuvikokota shimoni. Usaha ulitoka kila mahali. Kuna mashina mengine kwa nje yalikuwa ya kijani kabisa, na hayo ndiyo yaliyoniogopesha zaidi. Hakuna aliyefanya haraka. Nilijikuta natembea kama ninavyotembea kule hospitalini kwenye skrini, nikitazama kila jani kabla ya kupita chini yake, na woga wenyewe haukuwa mbaya sana. Ulikuwa na kazi ya kufanya.

Kabla ya adhuhuri tulifika kaburini. Lilibaki lile shina la Rugera. Lilikuwa na mkungu mzuri, na majani yake karibu yote yalikuwa yamesimama.

"Hili ni zima," baba alisema.

Jirani alinitazama, akainamisha macho. Nilichoma kisu kidogo cha jikoni, nikachuma kidole kimoja cha ndizi, nikakipasua. Sijawahi kutamani kitu kama nilivyotamani pale nione nyama nyeupe. Katikati kulikuwa na doa la rangi ya kutu. Nilimwonyesha tu.

Baba alilitazama lile doa. Akauingiza muhoro kwenye makaa na kuuacha humo kuliko ilivyohitajika, mpaka ncha ikabadilika rangi. Nilidhani atanipa mimi. Hakunipa. Alikata mwenyewe, mgomba mmoja baada ya mwingine, mgomba mama na machipukizi yake, na kati ya mmoja na mwingine alirudi kwenye makaa kama bwana shamba alivyofundisha. Alipomaliza, jua liliangukia kaburini. Nilikuwa sijawahi kuona udongo wa mahali pale ukiwa mkavu.

Jioni hiyo baba aliingia ndani kwa mlango wa jikoni. Kesho yake pia, na siku nyingi zilizofuata. Mlango mkubwa ulikaa umefungwa, na mimi sikumwuliza. Nilijua anatega sikio kwanza.

Ugonjwa haukuvuka mpaka. Msimu ulipopita na bwana shamba akaturuhusu kupanda, jirani alikuja na machipukizi safi kutoka kibanjani kwake, ameyabeba kichwani. Baba alimtania, akamwuliza kama kisu chake kimepita motoni, naye akacheka mpaka akashusha mzigo. Tulipanda asubuhi nzima, upande wa chini hadi karibu na nyumba. Lilibaki chipukizi moja. Jirani alilichukua, akaenda nalo moja kwa moja kichwani mwa kaburi, pale pale lilipokuwa shina la mama, akainua jembe.

Baba alikuwa amesimama kwenye mlango mkubwa. Sikuwa nimeona ameufungua saa ngapi.

"Hapo acha," alimwambia. "Hapo pasipandwe kitu. Nataka nikifungua nimwone."